Gemu namba moja ya soka, mbona inawachefua wapenzi wa soka?

Nenda kwenye banda lolote la gemu Dar es Salaam jioni ya Jumamosi. Kelele utakazozisikia utadhani ni mechi ya watani. Wawili wameshika pedi, kumi wamesimama nyuma yao wanawafundisha kazi, na anayefungwa anampisha mwingine. Gemu yenyewe mara nyingi ni ileile, FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, ingawa mabandani jina la zamani bado halijafutika.

Sasa mchukue mmoja wa vijana hao, mpe PlayStation yake na intaneti, akacheze peke yake nyumbani. Baada ya wiki chache utamkuta anagombana na runinga. Mara gemu imepangwa, mara ameibiwa, mara haigusi tena. Kesho yake yupo palepale, na hasira zilezile.

Hapo ndipo penye utata. Hadi 2021 mfululizo huo ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 325 tangu toleo la kwanza la 1993. Hakuna gemu ya soka iliyowahi kuukaribia. Lakini wapo watu wanaolijua soka nje ndani, wanaokesha wakiangalia Ligi ya Mabingwa, ambao gemu hii hawawezi kuifurahia hata kwa dakika kumi. Je, wao ndio hawajui kucheza, au kuna kitu ndani ya gemu kinawasukuma nje?

DUKA NDANI YA UWANJA

Jibu kubwa lipo kwenye Ultimate Team, sehemu iliyoanza 2009. Hapo huchukui timu iliyo tayari. Unajenga kikosi chako kwa kadi za wachezaji, na kadi hizo zinatoka kwenye pakiti ambazo hujui ndani yake kuna nani. Unaweza kuzipata kwa kucheza sana, au unaweza kutoa pesa ukanunua.

Tangu FIFA 19, kampuni inaonyesha uwezekano wa kupata kadi za kila daraja. Kwa zile kali kabisa, mara nyingi imeandikwa kuwa ni chini ya asilimia moja. Kwa lugha nyepesi, unaweza kufungua pakiti mia moja na usimwone Mbappé hata kivuli chake. Na hata ukimpata, hudumu naye. Toleo jipya likitoka mwaka unaofuata, kikosi ulichokihangaikia hakihami nawe. Unaanza upya na kina yahe wengine.

Pesa iliyomo humo si ya mchezo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, EA iliingiza dola bilioni 1.62 kutoka Ultimate Team za gemu zake za michezo, karibu asilimia 29 ya mapato yote ya kampuni. Duka la namna hiyo halifungwi kwa sababu wateja wananung'unika.

Serikali nazo zimelitupia jicho. Aprili 2018, tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema pakiti za aina hiyo, za FIFA 18 zikiwemo, ni kamari kwa sheria za nchi hiyo. Mwishoni mwa Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti huko. Uholanzi nayo ilitaka kuipiga kampuni faini ya euro milioni 10, na Oktoba 2020 mahakama ikakubali. Lakini Machi 2022 rufaa ikaifuta, kwa hoja kwamba pakiti ni sehemu ya mchezo mkubwa unaohitaji ujuzi, si mchezo wa bahati unaojitegemea. Nchi mbili jirani, pakiti zilezile, majibu mawili.

MECHI 40 WIKIENDI MOJA

Tatizo la pili ni muda. FIFA 17 ilipoleta mashindano ya wikiendi, mtu alitakiwa kucheza mechi 40 ili amalize. Klabu ya Ligi Kuu ya England inacheza mechi 38 kwa msimu mzima! Kwenye FIFA 19 zikapunguzwa hadi 30, na kwenye FIFA 22 zikawa 20. Kupunguzwa huko kunaonyesha kwamba hata wenyewe waliona mzigo umezidi.

Mwenye kazi na familia hawezi mbio hizo. Akikosa mechi, anakosa zawadi. Akikosa zawadi, kikosi chake kinabaki nyuma, halafu anakutana na mtu mwenye mawinga wa kasi ya ajabu na beki kisiki kila upande. Hapo anabakiwa na njia mbili: kufungwa kila siku au kufungua pochi.

Shabiki anayependa pasi fupi na kiungo mchezeshaji ndiye anayeumia zaidi. Mtandaoni watu hawatafuti soka tamu, wanatafuta ushindi. Wakigundua mbinu moja inayozaa mabao, wote wanaifuata.

IMEPANGWA AU HAIJAPANGWA?

Wachezaji wengi wanaamini gemu inamsaidia anayefungwa ili mechi iwe ngumu. Novemba 2020 kesi ya madai hayo ilifunguliwa California, Marekani. EA ilikana, ikasema teknolojia ya kubadili ugumu haitumiki kwenye Ultimate Team, na ikawakutanisha walalamikaji na wahandisi wake. Mwaka 2021 walalamikaji wakaiondoa kesi.

Kesi iliisha, hisia hazikuisha. Na si ajabu. Ukishamuuzia mtu bahati, hata beki wake akiteleza kwa bahati mbaya ataona ni mkono wa muuzaji.

HAKUNA PA KUHAMIA

Zamani aliyeichoka FIFA alikimbilia kwa Konami, kwenye Pro Evolution ambayo wengi waliijua kama Winning Eleven. Lakini Septemba 2021 Konami iliibadili kuwa eFootball ya bure, na ilipotoka ilikuwa kichekesho. Nyuso za wachezaji zilipinda, malalamiko yakamiminika, kampuni ikaomba radhi. Imerekebishwa tangu wakati huo, ila nayo inaishi kwa mtindo huohuo wa kadi za kubahatisha.

Huku EA ikizidi kunenepa. Septemba 2025 ilitangaza makubaliano ya kuuzwa kwa dola bilioni 55 kwa kundi la wawekezaji linaloongozwa na mfuko wa taifa wa Saudi Arabia. Anayetoa fedha nyingi kiasi hicho atataka zirudi, na zinakorudi kwa haraka panajulikana.

Ndiyo maana lile banda la jioni lina somo. Pale hakuna pakiti. Mmoja anachukua Real Madrid, mwingine Manchester City, bei ya mechi inajulikana kabla ya filimbi, na ukifungwa umefungwa na mtu unayemwona. Gemu ni ileile, kilichoondoka ni duka.

Mzazi aliyemnunulia mwanawe gemu hii anapaswa kulijua hilo kabla ya kuunganisha kadi ya benki au namba ya simu ya malipo. Na shabiki anayejiona mshamba kwa kutoifurahia asijilaumu. Alikuja kucheza mpira, akakuta anatakiwa kununua bahati. Pedi ya pili ikipata mshikaji, mpira utarudi.