Kompyuta ya Zamani Si Tatizo, Tatizo Ni Kuiacha Bila Sasisho

Swali tunaloulizwa sana na wafanyabiashara wa Doldol, na wa miji mingine ya huku kwetu Mlima Kenya, ni hili: "Kompyuta yangu ni ya zamani lakini inafanya kazi. Kila siku inaniambia niiapdeti. Niifuate ama niiache tu?"

Jibu letu ni fupi. Ifuate. Na kama imefika mahali haiwezi tena kupata sasisho, usiitupe, lakini iondoe kwenye mambo ya pesa. Tunajua jibu hilo lina gharama kwa mtu ambaye bando ananunua kwa mia na fundi yuko Nanyuki. Ndiyo maana tunataka kulieleza vizuri badala ya kukutisha tu.

Pesa iko kwa simu, lakini kompyuta iko nyuma yake

Wengi wetu tunadhani pesa za simu zinakaa kwa simu peke yake. Si kweli. Mwenye duka anafungua tovuti kwa laptopu aone taarifa ya tili yake. Katibu wa kikundi cha akina mama wa shanga anapokea oda kwa barua pepe. Mweka hazina anaandaa orodha ya walinzi ishirini wa kulipwa kwa mpigo mwisho wa mwezi. Shule inalinganisha karo iliyoingia na majina ya wanafunzi. Na kule saiba, mashine moja inafunguliwa eCitizen na iTax na watu wengi kwa siku, kila mmoja na nywila yake.

Mashine hizo nyingi ni za mtumba, zimetoka ofisi za ng'ambo zikiwa na miaka kadhaa mgongoni. Ni imara na zina bei ya maana, hatuzidharau. Nyingi zinatumia Windows 10, na hapo ndipo mambo yamebadilika.

Tarehe 14 Oktoba 2025

Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzima. Ziliwaka asubuhi kama kawaida, na ndiyo maana watu wengi hawakuona chochote. Windows 7 nayo iliachwa hivyo hivyo tarehe 14 Januari 2020, na mwanzoni mwa 2023 hata kivinjari cha Chrome kikaacha kuitengenezea matoleo mapya. Kama bado una Windows 7 na unafungua tovuti ya malipo humo, tunakuomba uache leo hii.

Sasisho la usalama ni kiraka cha shimo lililogunduliwa. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa zetu ni kama saa mbili au saa tatu usiku. Kiraka kikishatoka, mwizi mwenye ujuzi anakifungua, anaangalia kimeziba wapi, halafu anatafuta mashine ambazo hazijakipata. Kwa sababu Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zinazofanana, kiraka cha ile mpya kinaweza kumwonyesha mwizi mlango wa ile ya zamani. Kwa hivyo kompyuta isiyosasishwa haibaki pale ilipokuwa. Kila mwezi inazidi kuwa rahisi kuvunjwa, hata kama wewe hujagusa kitu.

Mfano uko. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha shimo moja kubwa. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ikapita kwenye shimo hilo na kufunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, ikidai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya watu. Nyingi ya mashine zilizoumia zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inapata viraka. Yaani dawa ilikuwepo miezi miwili, tena ya bure, ila haikumezwa. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sababu tunazosikia, na tunazielewa

*"Bando itaisha."* Ni kweli, sasisho linaweza kula data nyingi, na ndiyo maana wengi wameweka intaneti ya simu kwenye hali ya mtandao wa kupimwa ili Windows isishushe vitu yenyewe. Hiyo ni busara, mradi usisahau. Jua pia kwamba sasisho la mwezi la Windows hubeba ndani yake yale yaliyotangulia. Ukiwa umekosa miezi sita, si lazima ushushe mara sita.

Kwa kuhamia toleo jipya kabisa kuna njia ya kushirikiana. Microsoft ina programu ya bure inayotengeneza flashi ya kusakinisha Windows, na flashi ya GB 8 inatosha. Mtu mmoja anayeenda Nanyuki anaweza kuishushia huko penye mtandao mzuri, arudi nayo, na flashi hiyo hiyo ifanye kazi kwenye mashine za kikundi kizima. Ila ishushwe kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Flashi ya "Windows ya bure" iliyovunjwa kufuli unaweza kukuta imekuja na mgeni ndani.

*"Stima itapotea katikati."* Hofu hii ni ya haki. Stima ikikatika sasisho likiendelea, mashine inaweza kukataa kuwaka. Laptopu yenye betri nzima ijaze kwanza, halafu uiache kwenye chaja. Kama betri imekufa, chagua saa ambazo stima hutulia, au ipeleke mahali penye sola au betri ya akiba. Na kabla ya yote, nakili rekodi zako kwenye flashi nyingine. Daftari la chama likipotea, hakuna sasisho litakalolirudisha.

*"Itakuwa nzito."* Wakati mwingine ndiyo. Mara nyingi tatizo ni diski iliyojaa. Futa filamu, ondoa programu usizotumia, kisha ujaribu tena.

Njia tatu za kufuata

Kwanza, jua unacho nini. Kwenye sehemu ya kutafuta andika *winver*, ubonyeze Enter. Utaona toleo lako.

Ya kwanza ni kuhamia Windows 11, ambayo ni bure kwa mwenye Windows 10 halali. Inahitaji angalau GB 4 za kumbukumbu, GB 64 za diski, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwa mashine za Intel, kwa ujumla ni kizazi cha 8 kwenda juu, ambacho kilianza kutoka 2017. Kuna mafundi wanaojua kuilazimisha iingie kwenye mashine zisizofikia hapo. Inaweza kuingia, sawa, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuipa masasisho, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tunayafuata. Kwa kompyuta ya pesa, hatushauri.

Ya pili ni mpango wa viraka vya ziada vya Windows 10. Kwa watumiaji binafsi, mpango uliotangazwa unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipiwa dola 30 mara moja, au unaingia bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kupitia akaunti ya Microsoft. Unahitaji Windows 10 toleo la 22H2. Huu ni muda wa kujipanga tu, usiuchukue kama suluhisho la kudumu.

Ya tatu ni kuhamia Linux Mint, mfumo wa bure unaokwenda vizuri kwenye mashine nyingi za zamani. Unaweza kuujaribu ukiwa kwenye flashi bila kufuta Windows yako. Jaribu printa yako na fomu unazojaza kila mwezi kabla ya kuamua.

Na kama zote tatu zimeshindikana? Basi mashine hiyo ibaki ya kuandika barua, kupiga chapa na watoto kujifunzia. Taarifa za tili na malipo ya pamoja zihamie kwa simu iliyosasishwa.

Mwizi anachofanya akiingia

Hahitaji PIN yako ya simu. Anasoma nywila unapoiandika, au anaingia kwenye tovuti uliyoiacha wazi, halafu anabadilisha nambari moja kwenye orodha ya walipwaji ishirini. Nani atagundua? Kwa hivyo kabla ya kuidhinisha malipo, soma majina na kiasi kwenye simu yako, moja moja. Na sasisho la kweli linakaa ndani ya mipangilio ya Windows. Dirisha linaloruka katikati ya tovuti na kupiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi si sasisho. Anayekupigia simu akitaka uweke programu ili "akusaidie kuapdeti" si mtu wetu. Sisi hatukupigii kwa jambo hilo, wala hatuombi PIN.

Mzigo huu si wako peke yako

Hatukubaliani na wale wanaosema mteja wa Doldol anunue tu kompyuta mpya. Laptopu ya 2016 yenye kioo kizima na kibodi nzima si takataka, na uamuzi wa kuiacha ulifanywa mbali sana na yule anayeitegemea. Kampuni kubwa za programu zingeweza kurefusha viraka vya usalama kwa mashine hizi bila masharti mengi. Hata sisi wa malipo tuna wajibu: tovuti zetu ziwe nyepesi, na kila kazi ya muhimu iwezekane kwa simu, ili mtu asilazimike kutumia mashine hatari kwa sababu hana njia nyingine.

Lakini mwizi hasubiri mjadala huo uishe. Wiki hii andika *winver*, nakili rekodi zako, chagua njia moja. Kama wewe ni mweka hazina, lilete jambo hili kwenye mkutano ujao na uombe flashi ya GB 8 iingie kwenye bajeti. Pesa za kikundi zimekusanywa kwa miaka, na orodha ya malipo inaharibiwa kwa dakika moja.