Kabla ya Cherehani, Chumvi



Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Kwa hiyo majirani zangu wa Likoni hunijia niwaandikie barua, nami siwezi kuwakatalia. Mwaka huu nimeandika barua nyingi za vikundi vya vijana wanaotaka kuanzisha karakana ndogo za mikoba, mishipi na makubadhi ya ngozi. Barua zote zaomba cherehani. Hakuna hata moja iliyoomba chumvi. Nadhani vijana hawa wanaomba kitu cha pili kabla ya kile cha kwanza, na jambo hili lakuhusu wewe mfugaji, hata kama hujapata kushika msharasi maishani mwako.

Siku ya pili ya Idd-el-Hajj mwaka jana nilipita nyuma ya mtaa wetu, mahali tunapotupa taka. Shimoni nilihesabu ngozi 11 za mbuzi na moja ya ng'ombe. Mbwa walikuwa wamekwisha kufika kabla yangu. Nilimwuliza mzee mmoja kwa nini ngozi zile hazikuuzwa, akanijibu: "Mwanangu, mnunuzi hakuja. Na akija hutoa bei ya andazi." Wiki ile ile, kibanda kilicho karibu na kivuko kilikuwa kikiuza mishipi ya watoto wa shule iliyotoka ng'ambo. Kwa sura ni ngozi, lakini kwa hakika ni plastiki tupu, na huchubuka kabla muhula haujaisha. Tulitupa ngozi shimoni, kisha tukavuka barabara kununua mfano wa ngozi.

Huenda ukasema kwamba karani apenda kusema, wala hajui kazi ya mikono. Basi sikiliza lililonipata.

Dada yangu mdogo ni fundi wa kushona. Yeye na wenzake wawili walikodi chumba kimoja, wakaanza kushona mikoba ya ngozi yenye bitana ya leso. Mimi nilikuwa mshika daftari wao. Duka moja linalouzia wageni liliagiza mikoba 60, kila mmoja kwa Sh. 1,200/-. Nilipiga hesabu hivi: ngozi futi tatu kwa Sh. 200/- kila futi, jumla Sh. 600/-, leso Sh. 100/-, zipu na bizimu Sh. 150/-, uzi na gundi Sh. 50/-. Jumla Sh. 900/-. Faida ya kila mkoba Sh. 300/-, na kwa mikoba yote Sh. 18,000/-. Niliona fahari, nikapiga mstari mwekundu chini ya hesabu ile.

Dada yangu aliitazama, akasema: "Kaka, ndani ya daftari lako mna bizimu, uzi na gundi. Sisi watatu hatumo." Ilikuwa kweli. Kazi ile iliwachukua wiki saba, siku sita kila wiki. Ukigawanya faida yangu kwa watu watatu na siku hizo 42, kila mmoja alipata karibu Sh. 143/- kwa siku, na kodi ya chumba ilikuwa haijatolewa. Badala ya kusema kwamba bei ya mkoba ilikuwa ndogo mno, nilishauri tupunguze gharama ya ngozi. Kwa agizo la pili tulinunua ngozi za mbuzi kwa mchuuzi aliyeziuza kwa Sh. 80/- kila futi. Zilikuwa laini, na rangi yake nzuri. Masika yalipoingia, mikoba 22 ilirudishwa. Mingine ilinuka, mingine ilikuwa imefanya malengelenge, na juu yake ngozi inabambuka kama rangi ya mlango wa zamani. Duka lilikataa na iliyobaki. Dada yangu aliuza cherehani yake ili alipe deni. Msomaji, cherehani haikuwa na kosa lo lote, na mikono yao haikuwa na kosa.

Baadaye nilikwenda kuuliza kwa watu wanaoijua kazi ya ngozi, na walinionyesha yale ambayo kila mchinjaji apaswa kuyajua. Ngozi huanza kuoza saa chache tu baada ya mnyama kufa, na joto letu la Pwani lauharakisha uozo huo. Mtu aiondoapo na kuianika chini juani, juu hukauka haraka ikaonekana nzuri, lakini ndani huiva kwa jua na mafuta yake huyeyuka. Kasoro hiyo haionekani kwa macho. Hujitokeza ngozi inapolowekwa kiwandani, au mbaya zaidi, hujitokeza begani mwa mnunuzi wa mkoba. Mchuuzi wetu huenda hakujua. Mimi nilijua kusoma na kuandika, lakini hilo sikulijua.

Dawa yake ni rahisi, na si ya kitaalamu. Mbuzi akishachinjwa, tundika mzoga, kisha pasua kwa kisu mstari mmoja ulionyooka kutoka kifuani hadi tumboni. Baada ya hapo weka kisu chini, uichune ngozi kwa ngumi. Kila mchubuo wa kisu upande wa nyama huwa mstari au tundu ngozi inapokwanguliwa, na fundi hukata mkoba wake kwa kulizunguka tundu hilo. Osha damu, ondoa mafuta na vipande vya nyama, acha maji yachuruzike. Kisha tandaza ngozi kivulini, upande wa nyama juu, uimwagie chumvi mpaka pembeni kabisa, hata kwenye miguu na shingo. Kadiri yake ni kilo moja ya chumvi kwa kila kilo tatu za ngozi. Mbuzi wa kawaida hatumii chini ya nusu kilo. Ukikosa chumvi, iwambe kwenye fremu ya miti kivulini penye upepo, usiitandaze ardhini. Chumvi yenyewe haitoki mbali. Yavunwa hapa hapa Pwani, Gongoni na Kurawa, kaskazini ya Malindi.

Hata kabla ya siku ya kuchinja, ngozi yaharibika ungali ukimwona mnyama mzima. Wafugaji wa Kinango na Mariakani ambao mifugo yao hutuletea nyama sisi wa mjini, nawaomba chapa ya moto iwekwe mguuni chini ya goti, si ubavuni. Ubavu ndipo mahali fundi anapokata kipande kikubwa. Kupe nao huacha alama, na senyenge kadhalika. Josho laokoa maziwa na nyama, na laokoa ngozi pia, ingawa hatuzoei kulisifu kwa hilo.

Twaweza kujifunza kwa jirani zetu. Changamwe kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanza mwaka 1963. Kwa miaka mingi wachongaji wa nchi hii walitegemea mpingo na muhugu, miti inayokua polepole sana, na misitu ikapungukiwa nayo. Wengi waligeukia mwarobaini, ambao mkulima wa Pwani anao penye uzio wake na wakati mwingine aona ni magugu. Hapo mchongaji alipata mti usiokwisha, na mkulima alipata mnunuzi wa kitu alichokuwa akikikata kuwa kuni. Na ngozi yataka shauri la namna hii hii, fundi na mfugaji wakijuana.

Upande wa Kisauni, kando ya barabara iendayo Malindi, kuna karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 na chama cha walemavu wa viungo, APDK. Huko watu ambao wengi wetu tungewaacha wakae barazani wameshona nguo, wametengeneza mapambo, wamekata ngozi na kuchonga miti, na vitu vyao vimevuka bahari. Mwenye kuniambia kwamba kazi hii ni ya kupitishia wakati, namwelekeza huko. Hata hivyo mgeni wa hoteli si mnunuzi wa kutegemea peke yake. Mwaka 2020 hoteli za Pwani zilipofunga milango kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, aliyekuwa akishona kwa ajili ya watalii tu alikaa na mikoba yake. Mshipi wa mwanafunzi, makubadhi ya Ijumaa, mfuko imara wa kwendea sokoni: hivi hununuliwa na watu ambao hawapandi ndege kurudi kwao. Tangu tarehe 28 Agosti, 1997—la, nasahihisha kalamu yangu, 2017—mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini, na bado mama wengi wa Kongowea hawajapata mfuko wa kudumu mwaka mzima kwa bei wanayoiweza. Nguo ya kushonea haikosekani. Kongowea hiyo hiyo kuna suruali za mtumba za jinzi, na viwanda vya nguo vya upande wa Changamwe hubakiza vipande ambavyo fundi mwenye akili huviomba kabla havijatupwa.

Jambo moja nawakataza vijana kwa nguvu: msisindike ngozi nyumbani kwa dawa za kiwandani. Likoni twanywa maji ya visima, na kisima cha jirani si mahali pa kumwagia maji yenye kromi. Wala msiende kubambua mikoko ya hori kwa ajili ya magome yake, ijapokuwa ni kweli kwamba magome hayo husindika ngozi. Mkoko ukibambuliwa hufa, na samaki wachanga hukosa makao. Ngozi iliyotiwa chumvi vizuri yaweza kungoja wiki kadhaa, zikakusanywa nyingi, kisha zikapelekwa pamoja kwenye viwanda vya bara, kama vile Athi River au Nakuru. Kikundi kisichoweza kulipa lori kwa ngozi tano chaweza kulilipa kwa ngozi mia.

Hapo ndipo nafika kwa wakubwa wetu wanaogawa msaada. Kila mara nimeona cherehani zikikabidhiwa mbele ya hadhara, zimefungwa utepe, na picha zikapigwa. Sijapata kuona gunia la chumvi likifungwa utepe. Nasema kwa heshima zote: bei ya cherehani moja ingenunua chumvi na visu vya kuchunia kwa machinjio madogo mengi, na ingelipa mtu mmoja wa kusimama pale alfajiri akiwaonyesha wachinjaji. Mfugaji naye asiambiwe ajitaabishe bure. Ngozi isiyo na tundu lazima ilipwe zaidi ya ile yenye matundu, na tofauti hiyo aione kwa fedha mkononi siku hiyo hiyo. La sivyo ataendelea kuitupa, nami sitamlaumu.

Kwa Idd ya mwaka huu nilinunua magunia mawili ya chumvi kwa mshahara wangu, nikapita nyumba kwa nyumba jioni ya kuamkia sikukuu. Baadhi ya watu walinicheka. Nilipata ngozi tisa, mbili zikiwa na matundu ya kisu, na moja nilichuna mwenyewe kwa ngumi mpaka vidole vikavimba. Zimepangwa bandani kwangu juu ya mbao, na mama watoto aulizia kila asubuhi zitaondoka lini. Dada yangu alikuja Jumapili, akazifunua moja moja na kuzinusa. Kisha aliomba daftari, akaandika juu kabisa, kabla ya bizimu na uzi, "Mshahara wa fundi," akaacha nafasi ya tarakimu.