KAZI YA MIKONO: Kishikio cha ngazi kinaoza kutoka chini

Mwezi huu tuongee juu ya kitu ambacho kila mtu anakishika na hakuna anayekiangalia: ule ubao wa kushikia mkono kwenye ngazi ya nje, pale unapopanda barzani au kwenye mlango wa kanisa. Kabla ya mvua kuanza, wengi wananunua kopo la rangi na kuupaka juu juu. Unang'aa, watu wanasifu. Lakini siku moja bibi mzee anauegemea, unavunjika, naye anaanguka kwenye saruji. Kwa nini? Kwa sababu maji hayakuingia pale macho yanapofika. Yaliingia chini, kwenye matundu ya visi.

Wanaojua sana jambo hili ni watu wa merikebu za matanga. Merikebu nyingi za zamani zina vishikio vya mti wa teki juu ya sitaha, ili mtu asitupwe baharini mawimbi yakipiga. Teki ni mti wa India, Burma na Thailand. Una mafuta ndani yake, ndiyo maana unavumilia maji na jua miaka mingi. Lakini hata huo una adui. Gundi ya chini ikikauka na kupasuka, maji yanafuata visi polepole mpaka ndani ya sitaha, na mbao nyepesi zilizofichwa humo zinaoza. Kishikio chenyewe bado kizima, kumbe merikebu inagonjwa! Kwa hiyo mwenye merikebu mwenye akili hapaki verni tu. Anakitoa chote, anatengeneza, anakirudisha. Na sisi tufanye vile vile.

Kwanza, pima. Chukua ncha ya kisu, choma ubao upande wa chini, karibu na kila nguzo. Kisu kikiingia kama katika sabuni, ubao huo umekufa. Tafuta mwingine, mulombwa kwa mfano. Ukikataa kuingia, ubao unaweza kuokolewa.

Pili, toa bila hasira. Usiuvute kwa chuma, utapasuka kwenye matundu. Mara nyingi vichwa vya visi vimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya mbao; vitoe kwa patasi. Safisha mfereji wa visi, ikaze kidogo kwanza, ndipo uifungue. Ikikataa, weka chuma cha moto juu ya kichwa chake kidogo, ujaribu tena. Andika namba kwenye kila kipande na nguzo yake, maana vipande vinafanana lakini matundu hayafanani.

Tatu, ondoa rangi ya zamani. Hapa wazazi, angalieni sana! Rangi za miaka ya zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, ile wanaita plombu. Vumbi lake linaharibu akili ya mtoto. Usiichome kwa moto, usiisugue ikiwa kavu. Lowesha ubao, piga msasa wa maji, funika pua na mdomo, watoto wakae mbali. Takataka zikusanywe, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Rangi ikiisha, acha ubao ukauke siku kadhaa kivulini. Halafu sugua kwa kufuata nyuzi za mti: msasa namba 80, kisha 120, kisha 220. Kama ubao ni teki, upanguse kwa asetoni kabla ya kupaka, maana mafuta yake yanazuia verni kushika.

Nne, paka verni ya nje. Mara ya kwanza ichanganye nusu kwa nusu na dawa yake ya kuyeyusha, ili inywewe na mti. Kisha paka mara nne au tano bila kuchanganya sana, ukipitisha msasa laini kati ya mara moja na nyingine. Usisahau upande wa chini na ndani ya matundu, maana ndipo ugonjwa ulipoanzia. Katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ngoja jua likaushe umande kwanza. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje kwenye kona. Vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Tano, rudisha. Visi za chuma zinashika kutu, na kutu inapanuka na kupasua mbao. Tafuta za shaba ya njano. Hiyo ni shaba na zinki pamoja, madini ambayo baba zetu walichimba Kipushi. (Baharini chumvi inakula zinki, huko wanatumia bronzi, yaani shaba na bati.) Weka mastiki chini ya ubao na kuzunguka kila visi. Kaza kidogo tu, acha ikauke, ndipo ukaze sawasawa. Ukibana kwa nguvu siku ya kwanza, mastiki yote inatoka na maji yanapata njia tena.

Kila mwaka, kabla ya mvua, osha, pitisha msasa laini, paka mara moja. Ni kazi ya siku mbili tu. Ukiacha miaka mitano, utaanza yote upya.

Vijana, Bwana Yesu alisema juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa. Someni Matayo 23. Alikuwa mtoto wa seremala, alijua mbao. Basi, leo jioni mukirudi nyumbani, geuzeni macho chini ya kishikio cha ngazi, na kisu mkononi. Kesho kuna mzee atakayekishika kwa kukitumainia.