Mama Ni Wenu Nyote

Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee wetu. Nami nasema haumlei mzee pia. Mbona basi mama akishalala kitandani hatafutwi ila binti mmoja, aghalabu aliyeachika au asiyeolewa, akakabidhiwa nepi na beseni, nanyi wengine mkarudi mjini mkishukuru kwamba mama "ana mtu"?

Kuuguza ni kazi, ndugu zangu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo mgongo na nyonga hufanya vidonda. Dada huyo hugeuza, huogesha, hufua mashuka, hukoroga uji. Akisinzia kidogo, anaitwa. Mama aliyepotewa na kumbukumbu humwita mwizi wa kanga zake. Kiuno kinamuuma, presha inapanda, genge lake la nyanya limefungwa. Akithubutu kusema amechoka, anaambiwa atakosa radhi. Kitanda usichokilala hujui kunguni wake!

Ninyi mlioko Dar es Salaam, Mombasa na Maskati, sikatai, ni watoto wema. Pesa mnatuma, na Mungu awazidishie, maana wapo wasiotuma hata senti. Lakini kila pesa inafuatana na amri: mbona mama amekonda, mbona simu haikupokewa? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mungu alipotuamuru kuwatendea wema wazazi, hakuwatoa wanaume. Baba azae wana watano, kisha angoje mkwewe aje amnyoe ndevu? Aibu iliyoje!

Msiniambie habari za serikali. Zanzibar tangu 2016 inampa pensheni kila mzee aliyefika miaka 70, na ni jambo la heri; lakini pensheni haiamki saa nane usiku.

Na hili la matanga siwezi kulinyamazia. Mama ameugua miaka, godoro jipya halikupatikana. Amefariki, kwa siku mbili kamati imekusanya mamilioni: maturubai, sare za vitenge, mpiga video! Na aliyemuuguza yuko jikoni anawapikia waombolezaji.

Wangapi kati yenu mna likizo mwaka huu? Pangeni zamu leo, mama angali hai. Mmoja aje wiki mbili, dada alale usiku kucha, aende akapimwe presha, afungue genge lake. Na ukifika usiketi sebuleni kungoja chai.