Steringi akifa, nani akae kwenye kiti chake?

Mwezi huu tunaingia sinema. Tafuta karanga zako, mkalishe mwenzio hapo karibu, maana hii ni ya kusoma wawili.

Kila aliyekulia Dar na kuwahi kubanana kwenye kibanda cha video anaijua sheria moja ambayo haijaandikwa popote: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatumbukia mtoni, ataangukiwa na ghorofa zima, lakini wewe tulia, atarudi. Mtoto akianza kulia anaambiwa, "Nyamaza, yule ni steringi." Sheria hiyo tumelelewa nayo tangu enzi za mikanda, tukaenda nayo kwenye CD na DVD za Kariakoo zilizotafsiriwa na watu kama Lufufu, aliyewatia Kiswahili midomoni Wamarekani, Wahindi na Wachina, na kuongeza na ya kwake mwenyewe bila kuombwa. Siku hizi muvi inaingizwa kwenye flashi au inaangaliwa kwenye simu ndani ya mwendokasi, lakini sheria ni ile ile.

Ndiyo maana Black Panther: Wakanda Forever iliwavuruga watu kichwa. Steringi alikufa kweli. Si kwenye stori tu. Kwenye dunia hii hii ya mimi na wewe.

Kwa ambaye alikuwa amelala, tukumbushane. Black Panther ya kwanza ilitoka Februari 2018, ikamwonyesha mfalme T'Challa wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika yenye madini ya vibranium na teknolojia iliyoiacha dunia nzima nyuma. Watu walizimia. Hapa Afrika Mashariki tuliiona kama yetu: Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, ndiye Nakia, kipenzi cha mfalme, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, alikuwa kati ya wale wanajeshi wa kike wenye vipara. Filamu ilizinduliwa hadi Kisumu, ambako gavana wakati huo alikuwa Profesa Anyang' Nyong'o, baba yake Lupita. Yule mzee aliyelinda ile bustani ya mfalme wanamwita Zuri, na shanga zao za kuwasiliana zinaitwa Kimoyo. Sasa hapo Mswahili ataachaje kujisikia nyumbani? Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani na ikabeba Oscar tatu.

Kisha tarehe 28 Agosti 2020, Chadwick Boseman, aliyecheza kama T'Challa, akafariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Aliugua tangu 2016. Maana yake wakati sisi tunamshangilia anaruka juu ya magari, mwenzetu alikuwa anabeba maradhi kimya kimya, na wengi aliofanya nao kazi hawakujua.

Desemba mwaka huo huo, kampuni ya Marvel ikatangaza kwamba hakuna mwigizaji mwingine atakayepewa nafasi ya T'Challa. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na mgawanyiko huo haujaisha hadi leo.

Kambi ya kwanza ikasema: mheshimiwa apumzike. Ile sura ni yake, ukimweka mwingine unamfukua marehemu. Kambi ya pili ikasema: hapana, T'Challa ni mkubwa kuliko mtu mmoja. Watoto weusi wamepata mfalme baada ya kusubiri miaka yote hiyo, halafu mnamzika naye? Maelfu walitia saini kuomba atafutwe mwingine, na hata Derrick, kaka yake Boseman, alisema hadharani kwamba marehemu angependa mfalme aendelee kuwepo.

Filamu ikatoka tarehe 11 Novemba 2022, dakika 161. Na hapo kambi zikawa tatu, nne, tano. Kuna walioanza kulia pale jina la Marvel lilipopita kimya likiwa na picha za Boseman, wakatoka macho mekundu na kusema ni bonge la muvi. Kuna waliosema ni msiba wa saa mbili na nusu na zaidi, ngumi chache, machozi mengi, na hata mama mtu, Malkia Ramonda, naye mkamuua? Kuna waliodai Namor na watu wake wa chini ya bahari wameiba shoo. Na kuna mshkaji wa kawaida kabisa, aliyelipa pesa yake, ambaye swali lake lilikuwa moja tu: "Sasa steringi ni nani?" Filamu iliingiza dola milioni 850 na ushee. Si haba, ila haikufikia ile ya kwanza.

Sasa wewe unajiuliza, hii safu ya mapenzi imegeuka lini kuwa ya sinema? Subiri kidogo.

Watu wawili wanaopendana wakitoka kuangalia filamu hii, ugomvi wao hauishii kwenye filamu. Mmoja atasema wangetafuta mwigizaji mwingine, maisha yaendelee. Mwingine atanyamaza kidogo, halafu kwa sauti ya upole inayotisha kuliko kelele, atauliza: "Kwa hiyo na mimi nikifa, utatafuta mwingine wa kucheza nafasi yangu?"

Umeona? Hapo si Marvel tena. Hapo ni chumbani kwenu.

Na wala usikimbilie kujibu. Lile jibu la haraka la "mimi siwezi kuishi bila wewe" halihesabiki, hilo ni la kwenye kadi za maua. Swali ni la kweli na mji wetu unalijibu kila siku, tena kwa upendeleo. Mwanamume akifiwa, hata arobaini haijafika vizuri, mashangazi wameshaanza kumwonyesha wachumba: "Baba wa watu atapikiwa na nani?" Mwanamke akifiwa, hata baada ya kumaliza eda yake ya miezi 4 na siku 10, akionekana amepaka rangi ya mdomo tu, mtaa mzima una maoni. Mwanamume anahimizwa kuingia sehemu ya pili. Mwanamke anaambiwa akae aangalie ya kwanza mpaka mkanda ukatike.

Vuta picha. Dada wa miaka 31, ana fremu ya vitenge Kariakoo, mume amefariki, mtoto wa miaka mitano. Miaka miwili baadaye anatokea kaka mstaarabu, anampenda yeye na mtoto. Ndugu wa marehemu ni kambi ya kwanza: usimfukue mtu wetu. Rafiki zake ni kambi ya pili: kiti cha baba hakikai wazi, mtoto anataka ada na mtu wa kumfundisha baiskeli. Na yeye yuko katikati, kila upande ukimwambia kuwa ndio unaompenda marehemu zaidi.

Ukweli ni kwamba pande zote mbili zinampenda. Mmoja anapenda sura, mwingine anapenda kazi ambayo ile sura ilikuwa inaifanya. Mume ni mtu, lakini pia ni nafasi: mlipa ada, mkamata mwizi, mpigaji stori wa usiku. Nafasi inaweza kupata mtu. Mtu hapati mwingine. Balaa linaanza pale tunapovichanganya hivi viwili. Ukimlazimisha mpenzi mpya avae koti la marehemu, acheke kama yeye, amwite mama mkwe kama yeye, umemwonea. Na ukifuta kila picha ukutani ili mpya asijisikie vibaya, umemwonea mtoto, na wewe mwenyewe umejidanganya.

Na hapa ndipo ninapowatetea waliotengeneza sehemu ya pili, pamoja na urefu wake wote. Kule Wakanda msiba unavaliwa nyeupe, na baada ya mwaka ile nguo ya msiba inachomwa moto. Ni kuanua matanga kabisa, kwa mtindo wao. Malkia Ramonda anamwomba binti yake Shuri, dada wa mfalme, wakae wafanye hivyo pamoja. Shuri anagoma. Yeye ni mwanasayansi, alishindwa kumwokoa kaka yake maabara, na hasira yake hataki kuiweka chini. Matokeo yake anaingia vitani akiwa na msiba mbichi kifuani, na karibu aangamize kila kitu. Mpaka mwisho kabisa, ufukweni Haiti, ndipo anapoketi na kuichoma ile nguo. Wangapi tunawajua walioingia kwenye ndoa ya pili wakiwa na nguo ya kwanza bado mwilini? Haijalishi kama ni kifo, talaka, au yule mtu wa chuo aliyekuacha njia panda. Sehemu ya pili haianzi siku umepata mtu. Inaanza siku umekaa chini na kuianua tanga.

Halafu inakuja ile sehemu iliyogawanya watu upya. Nakia anamleta mtoto wa kiume, mtoto wa T'Challa, ambaye amelelewa kimya kimya huko Haiti. Anaitwa Toussaint, na jina lake la nyumbani ni T'Challa. Jumba likalipuka! Wengine walichukia: kumbe mfalme na yeye ni wale wale, mtoto wa pembeni! Dar tunaijua vizuri hiyo sinema ya mtoto kuibukia msibani, mama mkubwa anazimia, kamati inaitisha kikao. Lakini angalia tofauti. Huyu hakuibukia msibani. Baba yake alikubaliana na Nakia kabla, akawaandaa kwa kifo chake, na hata bibi mtu alikuwa anajua. Na jina limerudi bila sura kubandikwa juu ya sura. Babu zetu walikuwa wanafanya hivyo hivyo: anayekufa harudishwi, anarithisha jina kwa mjukuu.

Nitakwambia kilichoniuma zaidi. Kwenye filamu T'Challa aliacha mambo yamepangwa. Katika maisha, Chadwick Boseman alifariki bila kuandika wosia, na mkewe, Simone Ledward, ikabidi aende mahakamani Los Angeles Oktoba 2020 kuomba usimamizi wa mirathi. Mtu aliyejua kwa miaka minne kwamba anaumwa! Sasa wewe mwenye afya, kijana wa ofisini mwenye kiwanja Kigamboni na mkopo wa gari, uliyeweka mambo yote kichwani, unamwachia nani hicho kichwa? Hapa kwetu wosia unaandikwa na kuhifadhiwa RITA, na hakuna aliyewahi kufa kwa sababu ya kuuandika. Waliokufa bila kuuandika ndio wanaowaachia wajane wao vikao vya ndugu na fremu yenye kufuli mbili.

Kwa hiyo swali la mwenzio usilikimbie. Jibu zuri haliko kwenye "nitatafuta" wala "sitatafuta". Liko kwenye mambo ambayo mnaweza kuyasema mkiwa hai: watoto wangekaa na nani, duka lingekuwa la nani, mama yako angetunzwa vipi, na je, ungependa mimi nicheke tena? Wengi wakiulizwa hilo la mwisho wanatulia, halafu wanasema ndiyo. Ukishaisikia hiyo ndiyo kutoka mdomoni mwake, umepewa ruhusa ambayo hakuna shangazi wala mtaa utakaoweza kukunyang'anya. Na yeye amelala usingizi akijua hatafutwa.

Mjue kwamba mjadala wenyewe unarudi. Mwaka 2024 Denzel Washington alisema mwongozaji Ryan Coogler anamwandikia nafasi kwenye Black Panther ijayo, na mwaka 2025 Coogler mwenyewe alithibitisha kuwa sehemu ya tatu ndiyo kazi yake inayofuata. Kambi zimeshaanza kunoa visu: mtoto akue awe mfalme, Shuri aendelee, au T'Challa apewe sura mpya? Bishaneni tu, ndiyo raha ya sinema. Mkifika nyumbani zimeni simu, mbishane na ile nyingine, ya kwenu. Hiyo haina trela, wala hakuna atakayewaambia inatoka lini.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane, na wosia msisahau.