Tundu la USB likigoma, mtoto asilaumiwe kwanza

Katika nyumba nyingi kompyuta ya familia ni ya mtumba, na anayeitumia zaidi ni mwanafunzi. Siku flashi yenye kazi za shule inapochomekwa isionekane, mshukiwa wa kwanza ni yeye: kaichomeka kwa nguvu, au kaingiza michezo yenye virusi. Anagombezwa, kompyuta inapelekwa kwa fundi, na fundi asiye mwaminifu hashindwi kusema mazabodi imekufa.

Swali la kwanza liwe hili: je, tundu hilo limewahi kufanya kazi tangu kompyuta ilipoingia nyumbani? Kama halijawahi, huenda mtoto hana kosa lolote.

Kompyuta nyingi za mtumba hutoka maofisini. Ofisi zinazotunza siri za wateja mara nyingi huzima matundu ya USB ili mfanyakazi asitoe nyaraka kwa flashi wala kuleta virusi. Kompyuta ikiuzwa, kizuizi hicho huweza kubaki. Tundu ni zima, ila limefungwa.

Mahali pa kulifungua ni BIOS. Hii ni programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya mazabodi, si kwenye diski. Ndiyo huamka kwanza kompyuta inapowashwa, ikakagua vifaa, kisha ikaiachia Windows kazi. Kompyuta za miaka ya karibuni zina mrithi wake, UEFI, lakini watu wengi bado huiita BIOS.

Kuingia humo si kazi ya fundi peke yake. Mzazi na mtoto wazime kompyuta na kuiwasha upya, na mara nembo ya kampuni inapotokea wabonyeze kitufe husika mara kadhaa. Kwa Dell na Acer mara nyingi ni F2, kwa HP ni F10, kwa ThinkPad ni F1, na kwa kompyuta nyingi za mezani ni Delete. Windows 10 na 11 zikiwaka haraka mno, washikilie Shift huku wakibofya Restart, kisha wachague Troubleshoot, Advanced options, na UEFI Firmware Settings.

Ndani, vitufe vya mishale hutosha kutembea. Kinachotafutwa ni sehemu yenye jina kama "USB Configuration", "Port Options" au "I/O Port Access", majina hutofautiana. Mbele ya tundu likionekana neno "Disabled", maana yake limezimwa. Libadilishwe kuwa "Enabled", kisha wahifadhi na kutoka, kwa kawaida kwa F10.

Wasiguse kingine. Kubadili mpangilio wa diski, hasa ulioandikwa SATA, kunaweza kuifanya Windows ishindwe kuwaka. Kuchezea sehemu ya usalama kunaweza kuifanya idai ufunguo wa kufungulia diski, ambao familia huenda haina. Ni busara kupiga picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kubadili chochote.

Je, ikiwa tundu tayari limeruhusiwa? Wakiwa bado ndani ya BIOS, wachomeke kibodi ya USB kwenye tundu hilo na kubonyeza mishale. Ikifanya kazi, tundu ni zima. Tatizo liko kwenye Windows au kwenye flashi yenyewe. Isipofanya kazi, ilhali kwenye tundu jingine inafanya, hapo fundi anahitajika, na familia itakwenda kwake ikijua cha kumweleza.

Kikwazo kikubwa ni nywila. Ofisi nyingine huifunga BIOS yenyewe, na kwenye baadhi ya kompyuta mpakato nywila hiyo ni vigumu mno kuiondoa. Kwa hiyo anayenunua kompyuta ya mtumba amwombe muuzaji aingie BIOS mbele yake kabla ya kulipa, kisha ajaribu flashi kwenye kila tundu. Ikidai nywila na muuzaji haijui, hiyo aiache dukani.

Na mtoto aliyekwisha kugombezwa kwa kosa la ofisi asiyoijua anastahili kuambiwa pole.