Sindano ya Mzee na Maarifa Yaliyofichwa

Mzee jirani yangu, mgonjwa wa kisukari, aliniuliza juzi kwa sauti ya chini: "Mwanangu, sindano hii haina nguruwe?"

Swali lake lina asili. Zamani insulini ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani waliunda kwa kemikali jeni za insulini ya binadamu, wakazitia ndani ya bakteria, navyo vijidudu hivyo vikaitengeneza. Mwaka 1982 nchi hiyo ikairuhusu itumike. Zaidi ya miaka 40, na mzee bado ajidunga kwa wasiwasi!

Mimi si tabibu wala shekhe. Lakini kosa ni letu tuliosoma: haya twayajadili kwa Kiingereza mahotelini, si barazani baada ya Alasiri. Nilikifungua kikaratasi cha dawa yake. Asili yake imeandikwa humo waziwazi. Neno la Kiswahili hamna hata moja.